Pete ya Barasa na Gari Moshi Lililopita Njia ya Koboko

Kama wewe ni mtu wa kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize. Nimeshachekwa na watu wa Koboko, nimechekwa na watu wa Arua, na shemeji yangu mmoja alicheka mpaka akapaliwa na chai. Sijali. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kupima kwa macho na kukata, na macho yangu hayajawahi kunidanganya. Niliyoyaona niliyaona, na sikuwa na homa wala sikuwa nimesinzia.

Najua utasema: reli gani hiyo, wakati Koboko haina reli? Kweli haina. Tangu dunia iumbwe hapajawahi kulazwa chuma pale. Reli ya kutoka chini huko iliishia Pakwach, na sisi wa huku juu tukabaki kuahidiwa. Basi weka neno hilo kichwani, maana ndilo lililonifanya nitetemeke.

Lazima nianze na baba yangu. Baba ni Mnubi wa Koboko, jina lake Rajabu, mtoto wa askari, mjukuu wa askari. Yeye peke yake katika ukoo aliukataa uaskari. Alipokuwa kijana alikwenda Kenya akaandikwa kazi ya reli, wakampeleka milimani, kule Mau, mahali ambapo gari moshi linapanda kutoka bondeni mpaka kwenye baridi ya mianzi. Reli yenyewe ilikuwa nyembamba, upana wa mita moja tu, inajipinda kwenye mlima kila mahali, na injini inakohoa makaa ya mawe usiku na mchana. Baba alikuwa mtu wa stesheni ndogo iliyo chini ya mlima. Nimekua nikisikia habari za mlima ule mpaka nikadhani nimezaliwa huko. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni ile reli.

Sasa elewa jambo moja la kazi yao. Mlimani njia ilikuwa moja tu. Magari mawili yakikutana humo, ni kilio. Kwa hiyo walikuwa na pete: duara kubwa la chuma, linaweza kupita begani, limefungwa kifuko cha ngozi, na ndani ya kifuko mna kibao cha shaba chenye majina ya stesheni mbili, ya chini na ya juu. Dereva hapandi wala hashuki kipande kile bila pete hiyo mkononi. Gari likishuka, dereva anampa pete mtu wa stesheni, na mtu wa stesheni anampa dereva anayepanda. Hata rais awe ndani, hata mke wa dereva awe anajifungua ndani, bila pete gari halitoki. Na hawakusimama kupeana, lo! Baba alikuwa anasimama kando ya reli, mkono wa kulia umenyooka, pete juu, na dereva anapita anaidaka kwa mkono wake. Mkono ukitetemeka, unavunjika.

Siku moja gari limeshuka, Baba amepokea pete, na dereva wa kupanda anasubiri. Dereva huyo alikuwa rafiki yake wa damu, Barasa, mtu wa magharibi ya Kenya. Kabla Baba hajampa, akaletewa habari kwamba mama yake yuko mahututi Koboko. Unafikiri alifanya nini? Alirukia lile gari lililoshuka, likaondoka naye. Pete ilikuwa begani. Hakujua! Kilomita na kilomita, mpaka abiria mmoja akamwuliza, "Wee kijana, hiyo umevaa ni nini?"

Mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa nacheka hapo mpaka nalala chini. Baba hakuwa anacheka. Alimkuta mama yake bado hai, akamzika baada ya siku chache, na kabla hajarudi kazini mambo ya nchi yakaharibika, wafanyakazi wa huku wakaambiwa wabaki kwao. Kule mlimani wakubwa walitafuta njia nyingine, Barasa akapanda asubuhi iliyofuata. Lakini alilala chini ya mlima usiku mzima katika mvua, na abiria wake wote. Salamu zake zilifika Koboko kwa mdomo wa mtu: "Mwambieni Rajabu amenilaza kwenye mvua." Hayo tu. Hawakuonana tena. Vita ilipotufukuza tukaenda Sudan, tuliacha vyungu, tuliacha mbuzi, tuliacha hata cherehani ya mama, lakini pete ilikwenda Sudan na ikarudi. Na huko nyuma Barasa akafa kwa uzee wake, habari ikatufikia, Baba akamsomea dua.

Basi, mwaka juzi Baba akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa. Ulining'inia tu, hauwezi hata kushika kikombe. Nikafunga duka langu Arua, nikarudi Koboko kumtunza, maana ndugu zangu wako mbali na mimi ni mjane, sina wa kumwomba ruhusa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Watu walikuja kumsalimia wakamkuta anatabasamu, wakaondoka wakisema mzee anaendelea vizuri. Mimi ndiye niliyejua kwamba jua likianza kushuka, Baba anageuza kiti kuelekea barabara ya Arua na kutega sikio.

"Barasa iko chini ya mlima," ananiambia. "Hajapanda."

"Baba, Barasa alipanda asubuhi. Ulinieleza mwenyewe. Na tena amekufa, Mungu amrehemu."

"Najua amekufa. Sasa ndio anataka kupanda."

Nikamletea shuka, nikamfunika miguu.

Kisha akaja yule Denisi. Ni kijana wa Kampala, mwembamba, mpole, amejaa mapenzi ya reli za zamani kupita kiasi. Anazunguka nchi akitafuta wazee waliofanya kazi ya gari moshi, anarekodi sauti zao, anakusanya vyombo vyao kwa ajili ya makumbusho. Sijui alisikia wapi habari za Baba. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na wallahi Baba alipona siku ile. Denisi alimwonyesha kwenye simu magari madogo ya milimani ya nchi za mbali, yaliyofufuliwa, yamepakwa rangi, yanapanda kwa moshi, na watu wamejaa madirishani wanapiga picha.

Baba aliangalia huku machozi yanamtoka. Halafu akauliza, "Hawa watu wanaenda wapi?"

Denisi akasema hawaendi popote, wanapanda mpaka juu, wanakunywa chai, wanashuka.

"Wanapanda mlima bure?" Baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue. "Sisi tulikuwa tunaomba Mungu tufike, na hawa wanapanda kwa raha!"

Denisi akamweleza kwamba dunia imechoka na haraka, kwamba watu wanatamani tena kusikia chuma kikipumua. Baba akamwambia chuma hakipumui, anayepumua ni mtu wa makaa. Walielewana sana wale wawili. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga samaki huku namshukuru Mungu.

Mambo yakaharibika Denisi alipoiona pete ukutani. Alisimama kabisa. Akasema hiyo ni urithi wa taifa, akaomba aiweke makumbusho ndani ya kioo, na chini yake jina la Baba. Mimi niliona ni heshima. Baba uso ukambadilika.

"Mutu akifunga hii kitu ndani ya kioo, Barasa atapanda na nini?"

Denisi akarudisha simu yake mfukoni. Aliaga kwa adabu, akasema atakuwa Arua siku kadhaa kama mzee akibadili mawazo.

Kuanzia siku ile Baba akaacha kula. Nampikia ugali laini, anauangalia. Nampikia maharage ya simsim aliyokuwa akiyapigania na wajukuu, anayasukuma. "Nitakulaje," ananiambia, "na watu iko chini ya mlima hawajakula?" Nilimbembeleza, nilimgombeza, nililia mbele yake. Akanihurumia, akala vijiko viwili kwa ajili yangu, akatapika. Nguo zangu nilizomshonea zikaanza kumpwaya. Baba yangu alikuwa anakufa kwa njaa ya watu wasiokuwepo.

Nikasema basi. Kama ni pete, pete itoke nyumbani. Nikavizia Baba akiwa amelala mchana, nikaifunga pete ndani ya kitenge, nikamwita Acidri. Huyu Acidri ni kijana wa bodaboda wa Onduparaka, kando ya Arua, analeta wateja Koboko na kurudi, mdomo wake hauna habari nyingine isipokuwa mpira. Nikamwambia anipeleke Arua kwa Denisi. Watoto wa jirani wakae na mzee. Usinitazame hivyo. Wewe ungefanya nini?

Tulitoka alasiri. Acidri alinihesabia magoli mpaka tukapita vijiji kadhaa, na kabla ya kufika Maracha, kwenye mteremko mmoja wenye mashamba ya muhogo pande zote mbili, tairi ikapasuka.

"Mama, pole," akasema. "Mimi narudi pale senta, kwa watu ya pancha. Wewe ngoja hapa, hakuna mubaya."

Akaanza kusukuma pikipiki yake. Nikakaa juu ya jiwe kando ya lami, pete mapajani. Jua lilikuwa linaingia. Bibi yangu mzaa mama alitukataza kukaa njiani magharibi, akisema ni saa ya wenyewe, lakini ningekwenda wapi?

Kwanza ilikuja baridi. Si baridi ya huku kwetu ya mvua ikikaribia, hapana. Ilikuwa baridi ya kuuma meno, nikajifunga kile kitenge. Halafu harufu ya moshi, na si wa kuni wala wa makaa yetu ya kupikia, ulikuwa mzito, wa mafuta na jiwe. Halafu nikasikia watu. Niamini, hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Ndani ya muhogo ule nilisikia watu wengi wamekaa pamoja wakisubiri. Mtu anakohoa. Kuku anatapatapa kwenye kapu. Mtoto mchanga analia na mama anamnyamazisha kwa lugha nisiyoijua. Mwanamume akauliza, amechoka kabisa, "Kwani tunatoka lini?"

Nikasimama, pete mkononi.

Akatoka mtu katikati ya muhogo. Mtu mnene, wa makamo, amevaa koti zito limelowa mafuta, uso mweusi kwa masizi. Unajua sisi tumefundishwa kuangalia miguu kwanza. Niliangalia. Hakuwa na kwato, alikuwa na buti za kawaida, kamba moja imefunguka. Lakini alikuwa ameloa. Maji yalimtiririka kwenye ukingo wa kofia, yanadondoka kwenye lami, na Koboko nzima ilikuwa haijapata mvua kwa majuma.

"Habari ya jioni, mama," akasema. "Wewe ni binti ya Rajabu. Umechukua paji lake."

Nilichoweza ni kumnyooshea ile pete. Nikasema moyoni: chukua, mwache baba yangu ale, chukua uende zako.

Akaweka mikono yake nyuma.

"Hapana, mama. Sheria ya njia. Mkono ile ilipokea, ndio itanipa."

"Mkono wake umekufa," nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi. "Amepigwa na kiharusi. Hawezi hata kijiko."

Akanitazama kwa huruma, yule marehemu, haki ya Mungu, kwa huruma kama ya mjomba. "Pole," akasema. "Pole sana. Lakini mimi siwezi kupanda bila kazi kufanywa vizuri. Watu wamekaa sana. Iko mama mmoja ndani na mtoto." Kisha akageuka kurudi, akasimama. "Mwambie Rajabu mimi sikukasirika. Mutu akiitwa na mama yake, anaenda. Ile salamu nilituma, nilikuwa nacheka. Nafikiri huyo aliyeileta hakuileta na kicheko."

Akaingia kwenye muhogo. Baridi ikaondoka.

Acidri aliporudi akanikuta bado nimesimama pale pale. Akataka kunitania, halafu akaona lami. Alama za buti, zimelowa, zinatoka shambani mpaka mbele yangu na kurudi shambani, na lami yote kavu. Kijana yule alinirudisha Koboko bila kutaja goli hata moja.

Sikumwambia Baba. Nilirudisha pete ukutani nikanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu mimi si mjinga. Mfu anapomwita rafiki yake njiani saa ya magharibi, unadhani anamwitia pete tu? Nilijua Baba akienda pale hatarudi. Kwa hiyo nikachagua kumkalia, asitoke nyumbani. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili alikunywa maji. Usiku nilikuwa namgeuza kitandani na kusikia mifupa yake mikononi mwangu, ndipo nikaona kwamba ninamweka ndani ili afe mbele yangu, na hilo nalo ni namna gani ya kumpenda mtu?

Asubuhi nikamwambia. Nilidhani atashtuka. Alifunga macho, akauliza jambo moja tu.

"Alisema hakukasirika?"

"Alisema alikuwa anacheka."

Baba akalia, akalia mpaka ndevu zikaloa. Miaka yote ile alibeba salamu iliyopoteza kicheko njiani.

Acidri aliazima gari dogo la binamu yake. Alikubali kwa sharti kwamba atatuacha pale na kusubiri mbali, injini inanguruma. Nilimvisha Baba kanzu nyeupe niliyomshonea ya Idi. Nikachukua kiti cha plastiki, tukamketisha kando ya lami, pete mapajani mwake. Watu waliopita na baiskeli walitusalimia wakidhani tunasubiri basi. Mama mmoja alituambia basi limeshapita. Nikamshukuru.

Jua likaingia. Baridi ikaja. Baba akainua kichwa akavuta pumzi ndefu, akatabasamu na meno yake machache.

"Nisimamishe," akasema.

Nikamsimamisha. Nilisimama nyuma yake, na mkono wangu wa kushoto nikauzungusha kwenye kanzu yake, kiunoni, mara mbili, nikakaza ngumi. Nikaapa kwamba anayemtaka atanichukua na mimi.

Lilikuja polepole. Usidhani lilikuja kwa kishindo kama magari ya sinema. Lilikuja kama mzee anayepanda ngazi, linapumzika kila hatua, muhogo unainama huku na huku, na ardhi chini ya nyayo zangu inatikisika kidogo. Niliona taa moja ya njano. Niliona chuma kinang'aa kwa mvua. Nilisikia joto usoni na baridi mgongoni kwa wakati mmoja. Na mkono wa Baba wa kulia, ule mkono niliokuwa nauosha na kuuvisha na kuuweka juu ya mto, ukainuka. Peke yake. Ukanyooka kabisa, pete juu, na haukutetemeka hata kidogo. Yarabi! Nilimwona baba yangu akiwa kijana. Sikuwahi kumwona hivyo maishani mwangu, na sitamwona tena.

Barasa alikuwa ameinama nje ya injini, mkono wake umepindwa. Chuma kikagonga mkono, pete ikaondoka. Kazi safi. Baba akapiga ukelele wa furaha.

"Rajabu!" Barasa akaita. "Panda! Iko nafasi!"

Mabehewa yalikuwa yanapita mbele yetu taratibu, kiasi kwamba hata mtoto angeweza kupanda. Madirishani watu wamelaza vichwa, mama ana mtoto kifuani, mtoto ametulia. Mlango mmoja ulikuwa wazi na ngazi yake ya chini ilikuja sawasawa na mguu wa Baba. Akainua mguu. Nakwambia aliinua mguu! Nikavuta kanzu kwa nguvu zangu zote, kama ninavyovuta mbuzi mkaidi, na nikalia kwa sauti, "Baba!" Mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu, nililia kama wa miaka mitano.

Baba akageuka. Akaniangalia usoni, muda mrefu, huku ngazi ile inaendelea kupita. Akaushusha mguu chini.

"Bado!" akampigia Barasa kelele. "Huyu hajakuwa tayari!"

Nikasikia Barasa anacheka huko mbele, kicheko kikubwa cha tumbo, na abiria wengine wakacheka pamoja naye. Behewa la mwisho likapita na taa yake nyekundu, likapanda mlima ambao haupo, upande wa Congo, mpaka nikabaki naona muhogo tu. Mkono wa Baba ukaanguka ukaning'inia kama zamani. Alikuwa mzito ghafla, tukakaa chini wote wawili kwenye majani. Acidri alitukuta hivyo.

"Nina njaa," Baba akasema.

Alikula chapati tatu Maracha, kwenye banda la mama mmoja, na maharage, na akaomba nyama. Anakula mpaka leo. Denisi nilimpigia simu nikamwambia kweli yote, akacheka, kisha akauliza kama mzee anaweza kumwonyesha tu namna ya kusimama. Alikuja. Baba alimfundisha kwa mkono wa kushoto, uani kwetu, Denisi akiwa dereva na kifuniko cha sufuria kikiwa pete, tukacheka sana. Amerekodi yote. Anasema hata kama pete imepotea, hii haitapotea, na kwa hilo nampenda kijana yule. Kanzu ya Idi ina doa la mafuta meusi kwenye mkono wa kulia. Nimeifua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Haitoki, na njoo uone kama unabisha.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni kwamba nilijidanganya. Nilidhani mimi ndiye niliyemzuia kwa ngumi yangu. Ngumi gani? Kanzu ingechanika. Alibaki kwa sababu aliniona.

Na sasa kila Ijumaa, akitoka kuswali, ananiita. Ananiangalia kama fundi anavyoangalia mshono, halafu ananiuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, umekuwa tayari?"

"Bado, Baba," namjibu.

"Haya. Lete chai."

Ijumaa iliyopita nilimkuta amechoka. Miguu imevimba, pumzi fupi, ameegemea ukuta wa baraza, na swali akaliuliza kwa kunong'ona. Nilifungua mdomo nikajibu bado, akaitikia kwa kichwa, akajikaza, akanywa chai yote ili nifurahi. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia.

Kwa hiyo wewe unayesikiliza, nakuonya. Kama una mzee nyumbani, na siku moja akakuuliza swali kama hilo, usiropoke. Usiseme "niko tayari" kwa mzaha, maana kuna gari ambalo halijaenda mbali. Na usiseme "bado" kila siku kwa sababu tu wewe unaogopa, maana atakusikia, na atakaa.

Kesho ni Ijumaa.